Bibi Aliyeomba Usingizi

Ukiona naongopa, njoo Buswelu umtazame mume wangu.

Yeye ni fundi magari. Alinunua basi dogo bovu, akang'oa viti, akaweka kitanda nyuma na jiko la gesi. Lilipokamilika tuliwaacha watoto kwa shangazi yao, tukaenda kutembea siku nne, tukilala humohumo garini. Sijawahi kufurahi vile maishani.

Siku ya tatu tulikuwa kwenye makorongo ya Meatu. Nchi ni kavu, kuta za udongo zimesimama huku na huku, gari linapita chini kama ndani ya mfereji. Ilikuwa saa tisa alasiri, jua kali, hakuna hata ng'ombe. Tukamkuta bibi mmoja amekaa katikati ya njia, miguu mitupu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Nimetembea sana."

Tulimpa maji, hakunywa. Tukampandisha nyuma, mume wangu akafunga mlango kwa komeo la nje. Nilipogeuka nilimwona bibi anapapasa kitanda chetu, anakitazama kama mwenye njaa anavyotazama ugali.

"Baba, wewe una usingizi mzuri," alimwambia mume wangu. "Nipe basi."

Mume wangu ni mtu wa utani. "Chukua wote, bibi. Mimi naendesha, wa nini?"

"Wote," bibi alisema polepole. "Asante."

Punde tukamsikia anakoroma. Nikuulize, mtu anayekoroma si yupo? Tulipopanda kutoka korongoni sauti ikakatika. Nikageuka: kitanda kitupu. Komeo lilikuwa limefungwa vilevile. Niliposhika shuka, bado lilikuwa na joto. Mume wangu alirudi chini kwa miguu, akiita. Mchangani hakuona nyayo ila zake mwenyewe.

Usiku ule hakulala. Tulisema ni hofu. Sasa ni mwezi wa saba tangu siku ile, na niamini, sijamwona amefumba macho hata mara moja. Hospitali walimpa vidonge. Vinamlegeza mwili tu, macho yanabaki wazi. Padri amekuja kumwombea. Tumerudi Meatu mara mbili kumtafuta yule bibi tumsihi, na wenyeji wanasema hawamjui. Mume wangu amekonda, mikono inamtetemeka, hawezi tena kushika spana. Alfajiri nikiamka namkuta amekaa pembeni ya kitanda, ananisubiri.

"Mama Neema, umeota nini leo? Nisimulie."

Namsimulia. Siku ambayo sikuota kitu, natunga.

Kwa hiyo nawe unayesafiri, sikukatazi kumsaidia mtu njiani. Mpe maji, mpe chakula, mpe lifti. Lakini akikuomba kitu ambacho mkono hauwezi kukishika, usimjibu kwa utani. Nyamaza, endesha gari.