Marehemu Yupo Mazoezini

Mama alinipigia simu Jumapili moja baada ya misa, akaniambia magoti yake yamegoma. Alisema hivyo hivyo, kama mtu anayetoa taarifa kwamba umeme umekatika. Hatashuka tena barabarani. Atakayemtaka atamkuta nyumbani.

Mtu mwingine angempa pole, wakamaliza. Kwangu ilikuwa hukumu. Mama anaishi Mgeta, juu kabisa, na gari linaishia chini. Kutoka barabarani hadi kwake ni njia ya miguu iliyosimama wima katikati ya matuta ya kabichi. Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro mjini, nimekaa kwenye stuli tangu nikiwa kijana, na mwili wangu umejipanga kwa kazi hiyo ya kukaa. Mara ya mwisho nilipojaribu kupanda nilifika nusu, nikakaa juu ya jiwe, pumzi ikakataa kurudi. Akina mama wenye magunia ya viazi kichwani walinipita huku wakinipa pole. Tangu siku hiyo mimi na mama tukawa tunakutana chini, siku ya gulio, kwenye benchi la muuza chai. Yeye anashuka na kikapu, mimi nashuka garini na sukari na gauni nililomshonea, tunakaa hadi gari linapogeuza. Wote wawili tuliuona ni utaratibu mzuri.

Kumhamishia mjini hakuwezekani. Kwetu Waluguru shamba ni la upande wa mama, na yeye ndiye mkubwa aliyebaki pale. Nilimgusia jambo hilo mara moja tu, akakata simu, nami nikadhani salio limekwisha. Kwa hiyo hesabu ilikuwa rahisi. Ama nipande, ama mimi na mama yangu tusionane tena. Niliogopa sana, na kwa kuwa mke wangu hapendi kuniona nimeogopa, akaniambia nianze kukimbia.

Nikanunua raba mtumbani, nikajishonea bukta mwenyewe kwa kitambaa cha suruali ya sare kilichobaki, nikatoka alfajiri. Nyumba yetu iko Mji Mpya. Mpango ulikuwa nielekee Kilakala, kule barabara inakoanza kupanda kuutafuta mlima, kisha nirudi. Nilikuwa nimewaona wanafunzi wa chuo cha Mazimbu wakikimbia na vitu masikioni, hawamwangalii mtu, nikadhani kukimbia ndivyo kulivyo.

Sikujua kwamba wanafunzi wanasamehewa. Mimi nimeishi mtaa huu miaka mingi, na mtu mzima hapiti mbele ya wakubwa zake bila salamu. Kila baada ya nyumba chache kulikuwa na mzee anayefagia, mzee anayetoka msikitini, mzee aliyesimama tu. Shikamoo huwezi kuitupa huku unakimbia, inatoka kama unamfukuza mtu. Nilisimama, nikaamkia, nikaitikiwa, nikaulizwa habari za nyumbani, nikaulizwa ninakwenda wapi. Nikasema siendi popote. Mzee mmoja, fundi baiskeli mstaafu, hakuridhika. Aliuliza nani ananifukuza, akatazama nyuma yangu, akauliza tena. Nilipomwambia ninakimbia nirudi nilikotoka, alinishika mkono kwa huruma na kuniuliza kama mke wangu anajua.

Asubuhi ile nilisalimia zaidi ya nilivyokimbia. Ila hayo yote yangeisha, watu huzoea. Kisichozoeleka ni muuza kahawa.

Muuza kahawa ana benchi lake na jiko la mkaa kwenye kona ya mtaa wetu, na wazee hukusanyika hapo kabla ya jua kuchomoza. Yeye ni Mnyamwezi, mimi ni Mluguru, na kila mtu hapa anajua maana yake. Sisi ni watani. Mtani akikutukana unacheka. Akikuvua kofia, imeshakwenda. Na ukifa, yeye ndiye anayeingia kaburini mwako na kulala chali, anakataa kutoka mpaka apozwe kwa pesa, na wafiwa wanajikuta wanacheka huku machozi yanawatoka. Kukasirika ni mwiko. Ukimkasirikia mtani wako, mtaa mzima unakushangaa wewe.

Siku ya pili aliniona ninavyokuja, bukta imepanda, mdomo wazi. Akaweka birika chini taratibu, akavua kofia yake.

"Jamani," aliwaambia wazee, "simameni. Jeneza linapita."

Wakasimama. Wazee wazima, tena wengine ni watu wa heshima, walisimama na vikombe vyao mkononi na kuinamisha vichwa. Mimi nikapita katikati yao nikihema. Nyuma yangu nilimsikia akieleza kwamba marehemu alikuwa fundi mzuri, ila suruali zake zilibana.

Kuanzia hapo kila alfajiri nilizikwa. Siku moja wasifu wa marehemu, siku nyingine ubishi wa nani arithi cherehani. Mpita njia asiyejua lolote, dada mmoja mwenye beseni la vitumbua, aliona wazee wamesimama na kofia mkononi, akauliza kuna nini. Akaambiwa kuna msiba wa fundi wa Mji Mpya. Mchana ule ule alifika kibandani kwangu kutoa pole, akanikuta ninapiga pasi. Alisimama mlangoni akinitazama, kisha akaninyooshea pole yake hivyo hivyo, kwa sababu alikuwa ameshafunga safari. Nikaipokea.

Nilichukia. Nasema ukweli, nilichukia vibaya sana, na kwa vile sikuruhusiwa kuchukia, hasira yote ilishuka miguuni. Nilianza kupita pale kwa kasi ili nisisikie maneno. Kisha nikaanza kupita mara mbili, kwenda na kurudi, bila kusimama, nimkomeshe. Wiki zilivyokwenda nilifika Kilakala bila kutembea, na siku moja nikapitiliza hadi kwenye mawe ya mlimani, nikaona bati za mji zote ziko chini yangu. Nilikaa pale nikamfikiria mama.

Halafu zikaja mvua za masika. Asubuhi moja nilisikia maji yanavyopiga bati, nikajifunika blanketi, nikaamua kwamba Mungu mwenyewe ameahirisha mazoezi. Na kesho yake pia. Nilishaanza kuhesabu habari hii kuwa imekwisha kwa amani.

Siku ya tatu nilisikia kilio dirishani. Kilio kamili, cha msibani, cha sauti nyingi. Mke wangu alifungua mlango, na badala ya kuwafukuza akawakaribisha. Aliingia muuza kahawa na wazee wake, wote wameloa, wamebeba benchi la kahawa miguu juu.

"Mama, pole," alimwambia mke wangu. "Tumesikia ametutoka. Tumekuja kumchukua."

"Yupo chumbani," alisema mke wangu. "Asanteni kwa kuja."

Niliwaambia nimeamka. Muuza kahawa akawaambia wenzake kwamba maiti nyingine huwa na hewa tumboni, zinatoa sauti. Walinibeba na blanketi langu, wakanilaza kwenye benchi, wakanitoa nje kwenye mvua, na fundi baiskeli mstaafu ndiye aliyetangulia akisafisha njia. Majirani walifungua madirisha. Wengine walitoka na miavuli wakajiunga na msafara kwa adabu. Nilikuwa na njia mbili, niendelee kulala nipelekwe huko nisikokujua, au nishuke. Kwenye kona nikashuka, nikawaachia blanketi, nikakimbia peku hadi Kilakala na kurudi. Wakati ninarudi walikuwa wananinywea kahawa ya arobaini.

Sikulala tena asubuhi yoyote.

Mvua zilipokatika nikaamua kwenda. Mama sikumwambia. Niliogopa kumpa ahadi kisha niishie njiani na ajue. Nilimwambia mke wangu peke yake, naye akamwambia muuza kahawa, maana hao wawili walikuwa wameshakuwa kitu kimoja. Alfajiri ya safari nikamkuta stendi ameshakaa kiti cha mbele, na koti lake la Idi.

"Maiti haisafiri peke yake," alisema.

Tulishuka Mgeta asubuhi, ukungu bado upo. Nikafunga kamba za raba na kuanza kupanda. Sitaki kujisifu, lakini nilipanda. Nilipita jiwe langu bila kulikaa. Nilipanda na akina mama wenye magunia, tukasalimiana kama watu wanaofanya kazi moja. Karibu na mwisho, pale njia inapoanza kupindapinda kwenye migomba, goti la kushoto lilianza kugombana nami, nikapunguza mwendo. Muuza kahawa ni mwembamba na hana subira. Akasema anatangulia kuandaa mapokezi.

Yaliyofuata nilisimuliwa baadaye, na sehemu niliisikia kwa masikio yangu.

Mama alikuwa uani anachambua maharage. Akaona mwanamume asiyemjua, amevaa koti zuri asubuhi ya siku ya kazi, anatokeza migombani mbio mbio. Akamkaribisha, akamuuliza anatoka wapi. Mgeni akasema Morogoro mjini. Akamuuliza ni nani. Akajibu, kwa furaha, kwamba yeye ni Mnyamwezi, mtani wa mwanawe.

Mjinga yule hakufikiria. Hakuna mtani anayepanda mlima kumfuata mama wa mtu asubuhi namna ile isipokuwa kwa jambo moja. Habari ya namna hiyo haipigiwi simu kwa mtu mzima, hutumwa mtu, na mtani ndiye mtu wa kutumwa. Mama aliweka ungo chini. Akamuuliza mwanawe yuko wapi. Na muuza kahawa, ambaye tangu siku ile ya jeneza hakuwahi kuniita jina lingine, akajibu kama alivyozoea:

"Marehemu yupo nyuma, anakuja."

Mimi nilikuwa bado chini ya ua nilipokisikia kilio. Nilikijua ni cha mama kabla sijakisikia vizuri, nikajiuliza amefiwa na nani, nikasahau goti. Alikuwa analia kwa Kiluguru, kwa maneno, kama wanavyolia wazee wa kwetu, anamsemesha marehemu kana kwamba yuko mbele yake. Alisema alijua magoti yatamletea hili. Alisema angeshuka. Angeshuka hata kwa makalio, tuta kwa tuta, kila gulio, angefika amechafuka na angekaa kwenye lile benchi, kwa nini alitanguliza maumivu yake. Alisema magauni yote niliyomshonea yalikuwa mapana, hakuwahi kuniambia, na aliyapunguza mwenyewe kwa mkono ili nisijue.

Nilitokeza uani nikihema. "Shikamoo mama," nikasema.

Hakuitikia. Alinitazama juu hadi chini, bukta, raba, tumbo lililopungua. Muuza kahawa alikuwa amepiga magoti kwenye maharage anaomba msamaha. Mama alinyanyuka kwa shida, akanigusa usoni, akanigusa kifua, akasikiliza jinsi moyo unavyokwenda. Kisha akaniuliza nani amenipandisha.

"Nimepanda mwenyewe."

"Marahaba," alisema, na akaanza kulia upya, safari hii bila maneno.

Tatizo ni kwamba kilio mlimani hakibaki uani kwa mtu. Majirani walishaanza kufika, huyu na kuni, yule na unga, wengine na maji na sufuria kubwa la kikundi. Walinikuta nimekaa mkekani nakunywa chai. Walielezwa. Walimtazama muuza kahawa kwa muda, wakanitazama mimi, wakazitazama kuni zao. Hakuna aliyekuwa tayari kubeba vitu kurudi navyo. Mama mmoja mzee akasema moto umeshawashwa, basi. Kwa hiyo wakapika msiba. Wanaume wakakaa upande wao wakizungumza kwa sauti ya chini, wanawake wakasonga ugali, na muuza kahawa akahukumiwa kuosha masufuria yote peke yake, huku watoto wakimsimamia. Mimi nilipakuliwa kwanza, kwa kuwa ndimi mhusika. Maharage yalikuwa matamu sana.

Jioni, wakati wa kuondoka, mama alinisindikiza hadi ukingoni mwa ua. Alikuwa bado amekasirika kidogo, na aibu pia, kwa ajili ya yale maneno.

"Yale ni maneno ya kuambiwa maiti," alisema. "Mwenyewe hatakiwi kuyasikia. Sasa wewe umeyasikia."

Nikamuuliza tufanyeje. Alifikiri, mkono wake umenishika kiwiko.

"Basi. Wewe nimeshakulilia, nimekumaliza. Siku yako ikifika mimi sidaiwi kitu. Imebaki yangu. Na siku hiyo sitaki waombolezaji wakusubiri huku wewe uko kule chini unatafuta pumzi. Nataka ufike hapa, uniwahi."

Nikamwambia nitafika.

"Basi endelea kukimbia," alisema, akageuka kwenda kukusanya vyombo vya msiba wangu.