Siku Niliyosimama Shahidi wa Shamba la Dada

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilijifunga kitenge nikakifungua, nikajifunga tena, hadi mama akaniuliza kama nimesahau kujifunga. Mahakimu walikuwa wametoka Goma kuja kusikiliza kesi katika kanisa la Sake, nami nilitakiwa kusimama shahidi. Nilikuwa bado msichana.

Kesi ilikuwa ya dada yangu Riziki. Mumewe alikufa akamwachia watoto wadogo na shamba la maharagwe kule kilimani. Matanga hayajaisha, shemeji yake Safari akaja na desturi: mjane akubali kurithiwa naye, ama aondoke. Dada akakataa yote mawili. Basi Safari akang'oa miti ya mpaka, akadai baba yao, yeye na marehemu, alimgawia yeye shamba lile. Na mzee aliyegawa alishakufa. Ila kwetu mpaka hupandwa mbele ya mtoto, ili wazee wakiondoka abaki mtu wa kuukumbuka. Mtoto wa siku ile nilikuwa mimi. Nilikuwa nimemsindikiza dada kwa wakwe zake, nikapewa miche niishike.

Safari alikuwa na vijana wenye bunduki msituni, na sote tulijua. Kabla ya kesi alinikuta njiani, akanisalimia kwa upole, akaniuliza tu kama bado napita njia ya mtoni. Nilirudi nyumbani na ndoo tupu.

Mama akanisihi nikae. "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio," akasema, nami nikamshukuru Mungu kwa kunipa mama mwenye akili. Ndipo akaingia shangazi Feza, mwanamke ambaye kabla hujamjibu umeshatoka jasho.

"Unaogopa?"

"Naogopa sana, shangazi. Ile muntu ataniua."

"Hata mie naogopa. Lakini ukinyamaza leo, kesho ni wewe watafukuza ku shamba, na muntu wa kukusemea hatakuwako. Vaa. Tunaenda wote."

Hakuniambia nisiogope, ndiyo maana nilimwamini. Nje nilikuta amekusanya wanawake wa kanisa, wamejaa uani.

Kanisani Safari alikaa benchi la mbele akanikazia macho. Hakimu, mama mmoja wa miwani, akaniuliza nilichokiona. Macho yangu yakarudi kwa Safari. Hakimu akaliona hilo. Kisha akamgeukia Safari: "Papa, angalia mie. Acha kuangalia mutoto ya watu." Hapo nikasema yote: nani alichimba, mti upi ulikaa karibu na jiwe lipi, mzee alitamka nini. Hakimu akaamua shamba ni la marehemu, na kwamba sheria ya nchi inamwacha mjane alime na kukaa, wala mtu si mali ya kurithiwa.

Tulipiga vigelegele, mwanangu. Halafu gari la mahakimu likarudi Goma, sisi tukabaki na Safari.

Woga wenyewe ulianzia hapo. Wanawake wale walikwenda shambani na dada kwa zamu, hakuna aliyepita njia ya mtoni peke yake. Safari alikuwa akisimama juu ya kilima akitutazama. Nililima maharagwe yale nikiusikia mgongo wangu mzima ulivyo wazi. Hata leo nikisikia hatua nyuma yangu, nageuka.

Kwa hiyo nisikilize. Watakuambia jambo la mwanamke limalizwe nyumbani, kwa mbuzi na kreti ya bia, wanywe wao na unyamaze wewe. Usikubali. Nenda mbele ya hakimu useme ulichokiona. Lakini usiende peke yako, kwani penye wengi hapaharibiki neno. Na mwenzako akishinda kesi, usimpongeze ukaenda zako. Siku ya pili chukua jembe umfuate shambani, maana hakimu halali kijijini kwetu.

Mungu akufungulie mdomo siku utakapoulizwa, na akupe watu wa kurudi nao nyumbani.