Mzee Aliyenibebea Viatu

Ngazi ndefu za umeme za stesheni ya treni ya Wheaton, huku Marekani ninakoishi, zikiharibika, huwa napanda kwa miguu huku nikigomba. Kwa hiyo binti yangu aliponipeleka kutembea kwenye mji wa kale huko Japani, ngome yake ya ghorofa nyingi sikuogopa kuipanda. Mlangoni tulivua viatu, kila mtu akabeba vyake kwenye mfuko.

Wakati wa kushuka, magoti yalinigomea. Ngazi zilisimama wima kama za kupandia darini, nami nilihitaji mikono yote miwili. Binti yangu alishafika chini. Mzee mmoja wa Kijapani, rika la marehemu baba yangu, akanipokea mfuko na kutangulia nao.

“Baba, niachie!” nikapiga kelele kwa Kiswahili. Mimi ndiye wa kumpokea mzee mzigo. Leo mzee anibebee viatu?

Binti yangu akanijibu kwa Kiingereza chake kwamba nimwache.

Nilipofika chini, mzee alikuwa amepiga magoti, ameviweka viatu vyangu vikielekea mlangoni, tayari kwa kuvaliwa. Nilisimama mbele yake, nisijue nimwinue au nami nipige magoti.

Nikavaa.