Mbegu Alizoomba Mama

Nikinusa moshi wa korosho zinazokaangwa pale sokoni Chikongola, namkumbuka mama siku zile alipofiwa na mumewe, baba yangu, mashemeji wakamnyang'anya shamba.

Kijiji chetu kilikuwa na matajiri wa korosho. Mama alinishika mkono tukaenda kwa aliyewazidi wote, mzee mmoja, kuomba mbegu.

“Nikuoe,” mzee alimwambia. “Mikorosho yote hii itakuwa yako.”

“Nimekuja kuomba mbegu, mzee. Mume sikuomba.”

Mzee akacheka, akamwita mkewe mkubwa. Yule bibi alijaza kikapu hadi kikafurika, akamwambia mama kwa sauti ya chini, “Zipande zote, mwanangu.”

Tulizipanda zote kwenye pori tulilolifyeka wenyewe. Siku hizi wageni wakiulizia wakulima wakubwa wa kijiji, hupelekwa kwanza kwa mama.