Bamvua la Alfajiri

Nafundisha uchakataji wa ishara za kidijitali katika chuo kimoja hapa Tanga. Jina la somo linatisha kuliko somo lenyewe. Kila muhula mpya nawaambia wanafunzi kwamba dunia haiendi kwa kurukaruka. Sauti ya mtu, joto la mchana, maji ya bahari, vyote vinabadilika taratibu bila kukatika. Kompyuta haiwezi kumeza kitu cha namna hiyo. Inataka namba, moja baada ya nyingine. Basi kazi yetu ni kukichungulia kile kitu kila baada ya muda fulani, kuandika tulichokiona, kisha kuzitumia zile namba kana kwamba tulikuwa tukitazama muda wote. Kila kuchungulia huitwa kuchukua sampuli. Na sehemu kubwa ya somo inatokana na swali moja tu: umechungulia mara ngapi?

Mwanafunzi ninayetaka kumsimulia alikuwa amelisikia swali hilo miaka miwili mfululizo, kwa sababu mara ya kwanza alifeli mtihani wangu akarudia. Kwao ni Mkwaja. Mjini alikaa kwa shangazi yake Ngamiani. Hakuwa mzito wa kuelewa. Alikuwa mtu wa kutaka kukishika kitu kwa mkono kabla ya kukubali kwamba kipo, na mtihani haungoji watu wa namna hiyo. Sasa alikuwa mwaka wa mwisho, na kanuni za chuo hazina mjadala: mradi wake wa kuhitimu ukikataliwa, hakuna nafasi nyingine. Angerudi kwao bila cheti.

Mradi aliuchagua mwenyewe. Ukingoni mwa mji kuna majaruba ya chumvi yanayofanyiwa kazi na akina mama. Wao huyafungulia maji ya bahari siku za bamvua, maji yanapojaa sana mpaka kuyafikia malango. Siku za bamvua kila mtu anazijua kwa kuutazama mwezi, lakini mabamvua hayalingani. Lipo linalofika langoni likakata tamaa, na lipo linalovuka tuta na kuharibu chumvi iliyokwisha kukauka. Mwanafunzi wangu alitaka kutengeneza kifaa cha kupima kina cha maji na kutabiri bamvua lijalo litafika wapi. Kabla ya kununua waya hata mmoja, alisema, atapima kwa mkono mpaka aijue tabia ya maji.

Nilipenda namna alivyoanza. Alisimamisha fimbo yenye alama za sentimita katika mkondo, pale penye maji hata yakipwa. Siku ya kwanza viwimbi vya juu vilimchezea, namba ikawa inapanda na kushuka kabla hajaisoma. Akaenda kutafuta bomba pana la plastiki, akalitoboa tundu dogo chini, akaitia fimbo ndani yake. Maji yaliingia na kutoka kwa lile tundu polepole, kwa hiyo ndani ya bomba viwimbi vilikufa na kina cha kweli kikabaki. Nilipoliona bomba lile nilifurahi kupita kiasi. Lilikuwa chujio. Sura nzima ya kitabu changu, ile inayoeleza jinsi ya kuzuia mabadiliko ya haraka na kupitisha ya polepole, ilikuwa imesimama matopeni mbele yangu. Hata lile tatizo la maji kukaa kati ya alama mbili alilitatua kwa ukweli: alichagua alama iliyo karibu zaidi, akakumbuka kwamba kila namba yake ina kosa la hadi nusu sentimita, na hakujidai kujua zaidi ya hapo.

Alipima kila siku alfajiri. Akishaswali alipanda baiskeli, akasoma fimbo, akawahi darasani na ukingo wa sketi ukiwa bado umelowa. Baada ya miezi kadhaa aliniletea mchoro. Sijapata kuona mchoro mzuri kama ule kutoka kwa mwanafunzi. Wimbi lilipanda kwa utulivu, likashuka kwa utulivu, likapanda tena, na kutoka kilele hadi kilele zilikuwa kama wiki mbili. Vilele vilikuja siku mbili tatu baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu, na mabonde yalifuata mwezi nusu, wakati wa maji mafu. Sote tuliokua pwani tuliuona na kusema neno moja: bamvua. Wenzake darasani waliupiga picha.

Kisha mama yake akaugua, naye akaenda Mkwaja kumuuguza. Hakutaka sampuli zikatike. Akamwomba mama mmoja wa majaruba amsaidie kusoma fimbo na kumtumia picha kwa simu. Mama yule alimwambia alfajiri hawezi, ana wajukuu wa kuandaa, lakini adhuhuri kila siku yupo. Mwanafunzi akaona hakuna neno. Siku ya bamvua ni ya bamvua, alfajiri na adhuhuri.

Alikaa Mkwaja karibu mwezi mzima mpaka mama yake akapata nafuu. Aliporudi na kuziunganisha namba mpya na za zamani, mchoro ulikuwa umepinduka. Mwezi ulipokuwa mpevu, badala ya kupanda, wimbi lilishuka. Ulipokuwa nusu, likapanda. Ilikuwa kana kwamba siku aliyoondoka mjini mtu aliishika bahari akaigeuza kichwa chini. Na kikao cha kutetea miradi kilikuwa Alhamisi ya wiki ile.

Wenzake walimpa ushauri wa haraka: futa za adhuhuri, peleka za alfajiri, nani atajua? Yeye akaja kuniomba nimsindikize majarubani. Alikuwa na dhana yake. Aliamini yule mama aliihesabu fimbo kutoka juu kwenda chini.

Tulimkuta akikwangua chumvi. Mwanafunzi alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akaanza kwa kuzunguka sana, akimshukuru, akimuulizia wajukuu, mpaka mama mwenyewe akachoka.

"Mwanangu, sema. Umekuja na mwalimu wako kama unanipeleka kwa kadhi."

Akasema. Mama alimsikiliza, akaweka reki chini.

"Yaani mimi nimesoma kutoka juu."

"Sikusema hivyo, mama. Nasema labda."

"Labda. Na picha nilizokutumia, nazo zimesoma kutoka juu? Au bahari niliisukuma mimi kwa mgongo?" Akanigeukia. "Mwalimu, huyu huko Mkwaja wamemlisha nini?"

Tulicheka, na mwanafunzi akacheka pia kwa aibu, maana picha zilikuwa wazi. Katika kila moja fimbo ilionekana, na maji, na namba aliyoandikiwa ilikuwa hiyohiyo. Basi namba zote zilikuwa kweli, za alfajiri na za adhuhuri, na bado zilipingana.

Tukakaa juu ya tuta. Katika ualimu nimejifunza kwamba kuna wakati wa kueleza na wakati wa kuuliza, nikamuuliza jambo ambalo mtoto yeyote wa pwani angelijibu.

"Kati ya alfajiri ya leo na alfajiri ya kesho, maji yanafanya nini?"

"Yanapwa, yanajaa, yanapwa," alianza, "yanaj..." Aliitazama fimbo kwa muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Baiskeli."

Nilijua anasema nini. Kila mwaka darasani tunaipindua baiskeli, tunalizungusha gurudumu na kulirekodi kwa simu. Kwenye video mara nyingi gurudumu huonekana linakwenda polepole, au linarudi nyuma. Simu haidanganyi, inachungulia mara chache mno. Kati ya picha moja na nyingine njiti za gurudumu zimekwenda karibu duara zima, na sisi tunaona ule upungufu mdogo tu, tukadhani ndio mwendo wenyewe. Ndiyo sababu tuna kanuni: ukitaka kulijua wimbi, lichungulie zaidi ya mara mbili katika kila mzunguko wake. Ukipunguza hapo, utapata wimbi jingine, la polepole, laini, la kuvutia, ambalo halipo.

Maji yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Yeye aliyachungulia mara moja. Na kwa kuwa kila siku maji huchelewa kidogo, saa nzima kasoro dakika chache, kila alfajiri aliyakuta mahali tofauti kidogo katika safari yao: leo yamejaa kabisa, kesho yanakaribia kujaa, keshokutwa bado kidogo. Baada ya wiki mbili hivi alikuwa ameizunguka safari nzima, hatua moja kila siku, na mchoro ukachora wimbi la wiki mbili. Adhuhuri ni robo siku baada ya alfajiri, wakati maji yaliyokuwa juu yameshafika chini. Ndiyo maana wimbi la adhuhuri lilipinduka. Bamvua la kweli lipo, nalo linakuja kila wiki mbili. Lakini bamvua ni kule kujaa sana na kupwa sana kwa siku moja, na mtu anayechungulia mara moja kwa siku hawezi kuliona. Mgeni wa bara pengine angelishuku lile wimbi laini. Sisi tulilipokea kama ndugu, kwa sababu lilikuja kwa mwendo wa mtu tunayemfahamu.

Alivielewa vyote hivyo pale juu ya tuta, na vingi alivieleza yeye kabla yangu. Kisha uso wake ukasawijika. Alikuwa na siku tatu, na kazi ya miezi yote ile haikuwa kipimo cha bamvua.

Sikumwambia afanye nini. Alimwendea yule mama akamwomba radhi, akapewa kigoda na kivuli cha kibanda cha majani, na siku hiyo akaanza kupima kila nusu saa mpaka magharibi. Kesho yake alirudi akafanya hivyohivyo, na keshokutwa.

Alhamisi wasikilizaji walikuwa watahini wawili kutoka nje ya chuo, mimi nikiwa nyuma bila haki ya kusema. Alibandika mchoro wa alfajiri kwanza. Nikawaona watahini wakitikisa vichwa kwa kuridhika, na hapo angeweza kunyamaza. Chini yake akabandika wa adhuhuri, uliopinduka, akawauliza kwa heshima upi kati ya hii miwili ni bahari. Akawaambia hakuna hata mmoja, akaeleza kwa nini, polepole, bila kulificha kosa lake wala kujipiga kifua kwa kulitubu. Mwisho akabandika vipande vya siku zake tatu: wimbi lenye mwinuko mkali, likishuka na kupanda ndani ya mchana mmoja.

Mtahini mkubwa, mtu mkavu, alivua miwani.

"Kwa hiyo muda wote huu hukupima kitu."

"Nimepima, mwalimu. Nilichokipima sicho nilichodhani nakipima."

"Na bamvua lako liko wapi?"

"Bado sijalipima," alisema. "Kwa kila nusu saa nahitaji wiki mbili, nikidiriki mwezi. Sasa najua jinsi ya kulipima."

Nimekaa katika vikao vingi vya namna ile, nimewasikia watu wazima wenye vyeo wakishindwa kusema neno "bado." Yeye alilisema cheti chake kikiwa mezani.

Walimtoa nje wakajadiliana. Yule mkavu alisema mradi haujafika mwisho, na mwenzake akakubali. Kisha mkavu huyohuyo akasema kwamba katika miradi yote ya siku ile ni huu peke yake ambao mwenyewe alijua mahali unapoishia. Wakamwita tena, wakampitisha, kwa sharti kwamba akamilishe vipimo vya mwezi mmoja kabla ya kukabidhi ripoti.

Nilipotoka nilimkuta varandani ameegemea nguzo, simu sikioni, akizungumza na mama yake. Alikuwa ameshamwambia amepita. Sasa alikuwa akijibu swali, na kwa subira yake nilitambua kwamba analijibu kwa mara ya pili.

"Hapana, mama, bahari haina neno," alisema. "Ni mimi niliyekuwa naitazama mara chache."