Mkunjo Mmoja Ndani ya Kitabu cha Sala

Mathurine alikuwa mwoga, na alipoitwa mwoga hakukataa. Pale Rouen, Ufaransa, katika karakana ya kujalidi vitabu ya Bwana Hocquet, mimi na yeye tulikaa benchi moja, tukikunja karatasi na kuzishona. Mlango ukigongwa tu, sindano inamdondoka. Wenzetu walimcheka. Mimi pia nilimcheka, mpaka nilipojua anaogopa nini. Alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja wa kike, Aubine, ambaye alishinda naye pale kazini kutwa nzima. Mathurine akikamatwa, angechomwa chapa begani kwa chuma cha moto na kufungiwa katika ile nyumba ya wanawake waovu. Aubine naye angepelekwa kwa watoto wa kuokotwa, na huko watoto hufa kama vifaranga wakati wa kideri.

Na kukamatwa hakukuwa hadithi ya kutishia watoto. Vitabu vilitufikia kutoka ng'ambo ya mpaka, kwa Waswisi, vikiwa karatasi zisizojalidiwa, zilizofungwa marobota. Karatasi za hadithi zilizopigwa marufuku zilifichwa katikati ya karatasi za sala. Sisi tuliita hivyo kuozesha. Mkaguzi akifungua robota anakutana na Bikira Maria, anapiga ishara ya msalaba, anafunga. Kazi yetu sisi ilikuwa kutoa talaka, sala huku, hadithi kule. Mathurine hakujua kusoma hata herufi moja. Karatasi za sala alizijua kwa msalaba mdogo uliopigwa chapa chini ya ukurasa, na katika miaka yote ile sikuwahi kumwona amekosea.

Mimi kusoma nilifundishwa na marehemu mume wangu, aliyekuwa mpiga chapa. Kwa hiyo nilikuwa namnong'onezea Mathurine yaliyomo. Safari moja ilikuja hadithi ya mwalimu mmoja ambaye mji wake umezingirwa na adui. Watu wanakula panya, yeye anawathibitishia kwamba panya waliumbwa wanono kwa ajili ya siku hiyo. Ukuta wa mji unaanguka, anashukuru kwa upepo unaoingia. Wanazika watoto, anawaambia wazazi kwamba sasa mkate utatosha.

"Mbona namjua huyo," Mathurine akaninong'oneza.

"Unamjua wapi wewe?"

"Si bosi huyo! Bwana Hocquet kabisa, kakosa tumbo tu."

Tulicheka hadi machozi. Ilikuwa kweli. Hocquet alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye mashavu mekundu kwa mvinyo wa tufaha, na neno lake lilikuwa moja. Paa likivuja, "Afadhali, gundi haitakauka." Mfanyakazi akiugua kifua, "Atapumzika, si mnaona?" Wako watu wanaopenda bosi wa namna hiyo. Mimi alinichefua. Mtu asiyeogopa chochote huwa kuna mwingine anayeogopa kwa niaba yake, na pale kwetu huyo mwingine alikuwa Mathurine.

Asubuhi moja nilikuwa nakagua nakala ya ile hadithi kabla haijatiwa jalada. Nikasoma mpaka watu wanapomaliza panya wa mwisho. Nikafunua ukurasa, nikakuta tayari wanazika. Ukuta haujaanguka. Nikarudi nyuma, nikahesabu mikunjo ya karatasi, mmoja haupo.

"Mathurine, karatasi ya katikati hapa umeipeleka wapi?"

"Sijapeleka popote. Zote zisizo na msalaba niliziweka huku."

Bwana Hocquet alikuwa anapita na kikombe chake. Akainama, akatazama, akacheka.

"Aa, hiyo! Mpiga chapa aliniambia. Karatasi ya hadithi iliyokaa juu ya nyingine robotani waliitia msalaba, robota likifunguliwa ghafla isije ikaleta maneno. Wazo zuri sana."

"Ulijua?" nikamuuliza. "Ulijua, usituambie?"

"Ningewatia hofu bure, mabinti. Huyu si mnamjua, angeacha kulala."

Kitabu cha sala tulichokuwa tumemaliza wakati ule kilikuwa kimoja tu, cha ngozi nyekundu, na kilikuwa kimepelekwa jana yake kwa Bibi wa Brécourt, mama yake mwendesha mashtaka wa mfalme.

"Bibi mwenyewe haoni vizuri," Hocquet akasema. "Tulieni. Kitakaa kabatini mpaka afe."

Hatukutulia. Tulivua aproni, tukaenda. Njiani tulitunga uongo wetu kwamba uzi ulikuwa mbovu, tunaomba kitabu tukakishone upya, tutakirudisha jioni. Mathurine aliurudia uongo ule njia nzima, kanishika mkono.

Tulipoingizwa chumbani tulimkuta bibi kizee kitini, miguu ndani ya blanketi, na msichana wake wa kumsomea, Sidonie, ameshika kitabu chekundu. Anasoma kwa sauti ileile ya kusalia, ya puani, haina kupanda wala kushuka. Na alikuwa anasoma nini? "...ndipo ukuta ukaanguka juu ya waokaji mikate, na mwalimu akafungua mikono akashukuru, kwa maana mji ulikuwa na joto..."

Nilitaka kukimbia. Mathurine akapiga magoti.

"Bibi mkubwa, tunaomba radhi, uzi... uzi ni mbovu..."

"Nyamaza, binti," yule bibi akasema. "Sidonie, rudia hapo. Hapo pa ukuta."

Sidonie akarudia. Yule bibi alianza kutikisika, nikadhani kifafa. Kumbe anacheka. Kisha kicheko kikageuka kilio, na alilia kwa sauti, bila kujificha mbele yetu. Mwanawe mdogo alikuwa ameuawa vitani, Ujerumani, mwaka uliotangulia.

"Kila mtu anayeingia humu," alisema, "padri wangu, jamaa zangu, ananiambia Mungu kanifanyia hisani. Hisani! Leo ndiyo nimesikia sala ya kweli. Kitabu hiki hakitoki humu ndani."

"Tutakirudisha jioni, bibi mkubwa, nakuapia."

"Hakitoki. Na mwanangu mkubwa akija kula atasomewa na yeye. Amekuwa kama jiwe tangu tumzike mdogo wake. Kitamfaa."

Mathurine alimbusu pindo la blanketi, akamsihi, akamwambia ana mtoto. Yule bibi hakuelewa mtoto anahusikaje na uzi. Alimpapasa kichwani kwa huruma, akaagiza tupewe mkate na jibini. Tuliondoka na jibini mkononi. Sijawahi kuona wema uliotisha kama ule.

"Toroka," nikamwambia tukifika mtaani. "Mchukue Aubine mwondoke sasa hivi."

"Kwenda wapi, Ursule? Sina mtu."

Hakuwa na mtu, na mimi sikuwa na pa kumpeleka. Tulirudi kazini.

Askari walikuja kesho yake, kabla ya chakula cha mchana. Mkubwa wao aliweka kitabu chekundu mezani, akakifungua katikati.

"Nani kashona hiki?"

Nilimtazama Hocquet. Kwa mara ya kwanza nilimwona anaogopa, jasho limemjaa juu ya mdomo. Kisha uso wake ukang'aa, kama mtu aliyekumbuka alikoweka ufunguo.

"Mathurine, mwanangu," akasema kwa upole, "waeleze tu ukweli wako. Wewe hujui kusoma, kila mtu anajua. Hakuna litakaloharibika."

Mathurine alisimama. "Ni mimi. Niliona msalaba, bwana. Nilidhani ni sala."

"Na hadithi hii imefikaje hapa?"

Alimtazama Hocquet. Angemtaja, tungefungwa sote, na mimi nikiwemo, na nadhani ndilo alilokuwa analipima. "Sijui," akasema. Wakamfunga mikono. Alipopita benchi letu aliniambia neno moja tu, "Mtoto."

Mlango ulipofungwa Hocquet alijifuta jasho, akaketi.

"Haya, ingekuwa mbaya zaidi. Kachukuliwa mmoja tu. Na kule wanapewa supu ya moto kila siku, ambayo hata nyumbani kwake haipati."

Nilimrushia brashi ya gundi usoni. Hakukasirika hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma. Alijifuta taratibu, akamwinamia Aubine, aliyekuwa amesimama katikati ya chumba na macho mlangoni.

"Mama anarudi kesho, mrembo wangu. Kesho asubuhi tu."

Aubine akamtazama, kisha akanigeukia mimi.

"Eti kweli, mama Ursule?"

Nilimwinua, nikamkalisha mapajani. Alikuwa mwepesi mno.

"Sijui, mwanangu," nikamwambia. "Naogopa."

"Na mimi," akasema, akanishika shingoni kwa mikono yote miwili.