Picha Niliyoambiwa Niifute

Mke wangu aliniambia niifute picha ile. Ningemsikiliza, leo nisingekuwa na la kukusimulia. Usidhani nimehadithiwa. Yamenikuta mwenyewe, Mji Mkongwe, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, na sina faida yoyote ya kukudanganya.

Nilikuwa na kistudio cha picha za paspoti Mlandege. Shemeji yangu wa Maskati aliniletea kamera ya dijitali, nami nikanogewa na ukumbi mmoja wa mtandaoni wa Wazanzibari walioko nje. Nikiweka picha ya uchochoro tu, wananimiminia sifa. Nilipenda kusifiwa, nakiri.

Usiku ule mwezi ulipopatwa, wanaume walikuwa msikitini wanasali na watoto wanagonga masufuria mitaani. Binti yetu Mwanaisha alikuwa na mimba ya miezi minane. Kwetu, mja mzito siku hiyo hulazwa ndani, madirisha yamefungwa, wala haitwi kwa jina mpaka mwezi uachiwe. Mama yake alikaa naye. Mimi sikwenda kusali. Nilipanda juu ya paa na kamera yangu.

Mwezi ulikuwa mwekundu kama shaba. Ukingoni nikamwona mwanamke kajitanda kanga, tumbo limemtoka, kanipa mgongo. Hasira zikanipanda, nikausahau mwiko.

"Mwanaisha! Unafanya nini huku?"

"Naam, baba," akaitika. Sauti ile ile. Akageuka kidogo. "Nipige picha. Wapelekee watu wanione."

Nikampiga. Niamini, ilikuwa picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Nilipoteremsha kamera, hapakuwa na mtu. Na mlango wa ngazi ni mmoja tu, nao ulikuwa nyuma yangu.

Nikashuka mbio. Mwanaisha kalala, mkono wake umo mkononi mwa mama yake.

"Baba, ulikuwa unaniita?" akauliza. "Nilitaka kuitika, mama kaniziba mdomo."

Mke wangu akainyakua kamera, akatazama. Ule uso ulikuwa wa Mwanaisha. "Ifute, Baba Mwanaisha," akasema. "Nakuomba, ifute sasa hivi."

Nikamwambia naifuta. Nikaichukua kamera, nikatoka.

Hamadi, mwenye duka la intaneti pale Mlandege, aliniona akacheka. "Mzee, wenzio wamo msikitini wanamwomba Mungu, wewe unakuja kuchati!"

"Mungu hakatazi picha," nikamjibu. Tukacheka sote.

Mtandao wa siku zile ulikuwa mzito. Picha ilikwenda polepole, robo saa nzima, na wakati wote huo ningeweza kuikata. Je, nilikuwa sijui? Nilijua. Sauti ya mke wangu ilikuwa bado masikioni mwangu. Lakini nilitaka Maskati na London waione kabla mwezi haujaachiwa.

Majibu yakaanza kuingia. Mashaallah, mzee. Umepatia, mzee. Halafu likaja moja lisilo na jina la mtu: "Ahsante, baba. Nshatoka."

Nikaifuta pale pale. Wapi! Watu walikuwa wameshaichukua, wanapelekeana.

Nilipofika nyumbani, mwezi ulikuwa mweupe na mlango wetu u wazi. Uchungu ulikuwa umemshika Mwanaisha. Mama yake alinitazama mara moja tu, na mpaka leo hajanitazama tena.

Kila mwezi unapopatwa, mtu nisiyemjua huiweka tena picha ile, na watu huuliza mwanamke yule mzuri ni nani.

Wewe unayesoma, ukiita jina la mtu wako usiku kama ule, akaitika asiyestahili kuwepo, usimpige picha. Ukishampiga, usimpeleke popote. Mimi nilimpeleka. Alfajiri Mwanaisha alikufa, na mtoto wake tumboni, na adhuhuri niliwazika wote wawili katika kaburi moja.